Invoisi za Ng'ambo na Binti Niliyemshuku

Mimi si mtu wa kuamini. Niliacha shule darasa la tatu nikaenda kubebea watu vyuma, na chuma ndicho kilinifundisha. Kiungo cha welding kinaweza kung'aa nje kama sarafu mpya na ndani kiwe na mashimo kama sponji. Usipokigonga kwa nyundo hutajua. Basi nikaishi hivyo: nagonga kwanza. Nimegonga wateja, nimegonga wenye maduka ya vyuma, wahubiri, madaktari wa ng'ombe, na wanasiasa wanapopita kwetu Bahati kutafuta kura. Wengi walilia kama debe tupu.

Lakini kuna siku niligonga mtoto wangu mwenyewe. Si kwa mkono, kwa mdomo, na yeye ndiye hakuwa na ufa. Ni binti yangu wa mwisho. Nusura nimpoteze, na kwa mtu wa umri wangu mtoto akishaondoka hivyo huna miaka ya kumngojea arudi. Kilichotuletea hayo ni pesa za mtandao. Nitaeleza polepole, jinsi na mimi nilivyoelezwa.

Boma langu liko Bahati. Karakana yangu iko Nakuru mjini, upande wa viwanda, ambako nimekodi banda miaka mingi nikitengeneza mageti, madirisha na trela za trekta. Kabla ya hapo nilikuwa Olkaria, kwenye mitambo ya umeme, nikiunga mabomba ya mvuke. Bomba la mvuke halisamehe. Ukiacha kitobo cha ukubwa wa tundu la sindano, kesho kuna mtu hana ngozi. Huko ndiko macho yangu yalinolewa. Mpaka leo nikiangalia kiungo nakwambia aliyekichoma alikuwa na haraka, au rodi zake zilinyeshewa, au alilala na njaa.

Binti yangu alisoma hadi chuo. Alipomaliza akakosa kazi, akakodi chumba mjini, akawa anakaa mbele ya kompyuta akiandikia watu wa mbali ambao hajawahi kuona uso wao. Mimi nikiulizwa anafanya nini nilisema bado anatafuta. Lakini kodi alikuwa analipa, na kwangu hakuomba.

Jumapili moja alikuja na habari. Tulikuwa tumemaliza kula.

"Baba, kuna watu ng'ambo wanafundisha mashine kuangalia welding. Wanatafuta mafundi wazee waangalie picha, waseme kiungo kina kosa gani. Wanatafuta macho. Macho unayo."

Nikauliza swali ambalo kila mtu mwenye akili huku kwetu huuliza kwanza. "Wanataka pesa ngapi ya kujiandikisha?"

"Hawataki kitu."

"Basi hao ni wezi wakubwa. Wezi wadogo ndio huanza na pesa ya kujiandikisha."

Mke wangu akacheka. "Mwambie ukweli, mzee. Unaogopa kware."

Wakati ule wazimu wa kware ulipoingia, kila mtu akiambiwa mayai ya kware yanatibu mpaka umaskini, niliuza ng'ombe mmoja nikajenga kibanda. Soko likafa mwezi huohuo mayai yangu yalipoanza kutoka. Tulikula mayai ya kware asubuhi, mchana na jioni mpaka watoto wakakataa. Kwa hivyo ndiyo, niliogopa.

Binti hakubishana. Alitoa simu akanionyesha picha kumi za viungo vya chuma. Nikaziangalia. Cha kwanza kingo zake zilikuwa zimeliwa na moto. Cha pili kilikuwa na takataka ya rodi imefungiwa ndani. Cha tatu kilikuwa kizuri, na nikasema ni kizuri, maana mtu mwoga wa kazi huona makosa kila mahali. Nilimaliza zote kumi kabla chai haijapoa. Yeye alikuwa anaandika Kiingereza chake. Baada ya siku mbili akanipigia: wamenikubali.

Sasa ikaja habari ya malipo, na hapo ndipo nilisimama kama punda.

Alinieleza hivi. Kila kundi la picha lina invoisi yake: namba, kazi gani, picha ngapi, bei gani. Mteja akiikubali, pesa inatoka kwake kabla sijagusa kazi, lakini haiji kwangu. Inakaa katikati, imefungwa. Nikimaliza kazi na yeye akaridhika, inafunguka yenyewe na kuja. Akikaa kimya siku kadhaa bila lalamiko, inafunguka vilevile. Hakuna benki, hakuna karani wa kukuambia rudi kesho.

Hiyo niliielewa haraka kuliko alivyotarajia. Mimi mwenyewe huwa napeleka geti kwa mteja bila komeo. Geti zuri, limepakwa rangi, limesimama, lakini halifungi. Akimaliza deni ndipo natoa komeo mfukoni. Nikamwambia, "Hao watu wa kompyuta wameniibia maarifa." Akacheka sana.

"Lakini pesa yenyewe ni ya aina gani?"

"Ni kripto, Baba. Ila ni ile imefungwa na dola. Dola moja inabaki dola moja."

"Ile ya watu wanalala na milioni wanaamka na shati?"

"Hiyo ni nyingine."

"Ni nyingine leo."

Akaniwekea waleti, yaani mkoba wa pesa hizo, ndani ya simu yangu. Ikafika mahali simu ikaonyesha maneno kumi na mawili ya Kiingereza. Akaniambia hayo ndiyo ufunguo, mwenye maneno ndiye mwenye pesa, niandike kwenye karatasi na nisimwonyeshe mtu, hata yeye. Kisha akanipa simu akageuka, akaangalia kalenda iliyo ukutani. Mimi Kiingereza sijui. Nilinakili herufi moja moja kama mtu anayepanga mawe, na ilichukua muda. Muda huo wote hakugeuka. Mke wangu alimuuliza kama shingo haimuumi.

Nikamuuliza pia kitabu cha hesabu kinawekwa na nani.

"Hicho ndicho kizuri chake," akasema. "Hiyo blockchain ni kitabu. Kila malipo yanaandikwa humo. Hakiko kwa mtu mmoja, kiko kwenye maelfu ya kompyuta dunia nzima, na hakuna anayeweza kufuta mstari."

"Hata mkubwa?"

"Hata mkubwa. Na kinasomwa na yeyote, ndiyo maana hakuna kudanganyana."

Hapo moyo wangu ulitulia kidogo. Mimi nimeshaona faili la shamba likipotea na kupatikana baada ya mtu kununuliwa chai. Kitabu kisichofutika, chenye mashahidi elfu, nilikipenda. Sikuuliza zaidi. Laiti ningeuliza.

Mwisho akanionyesha mstari mrefu wa herufi na namba zilizochanganyika, kama mtoto ameangukia mashine ya kupiga chapa. "Hii ndiyo namba yako ya kulipwa. Hii si siri. Mtu akiwa nayo anaweza kukutumia pesa tu, hawezi kutoa."

Malipo ya kwanza yalipoingia sikuamini mpaka nilipoyauza, yakaingia kwenye simu kama pesa ya kawaida, nikaenda kwa wakala nikatoa noti, nikanunua nazo mabomba ya inchi moja na nusu. Mabomba yalikuwa mabomba. Tukaanza kazi. Picha zinakuja, naziangalia mchana nikiwa nimepumzika, namtumia binti sauti yangu nikisema namba fulani ina ufa, namba fulani ina vitobo. Yeye anaandika, anatuma, anafanya invoisi. Hakuniomba senti na mimi sikumpa. Nilidhani ndivyo ilivyo, ni mtoto.

Baada ya miezi michache nikajiona mtu. Muhuri wangu wa risiti ulikuwa umechakaa, nikaenda kuchongesha mwingine. Huku kwetu karatasi bila muhuri ni ya kufungia sukuma wiki. Nikamwambia mchongaji aweke jina la karakana, namba ya simu, namba ya till ya kulipia kwa simu, na chini yake ule mstari mrefu wote, mistari miwili ya herufi ndogo. Alitaka kunitoza kwa herufi. Tulibishana nusu saa. Ulipotoka ulikuwa mkubwa kama kiganja. Nikawa naupiga kwenye kila risiti, geti kwa geti, dirisha kwa dirisha, na wateja wakiuliza mstari huo ni wa nini nawaambia, "Ukitaka kunilipa kutoka Amerika, hiyo ndiyo njia." Hakuna aliyenilipa kutoka Amerika. Lakini walitingisha kichwa, na mimi nilipenda wakitingisha.

Mwaka huo magoti yalianza kunisumbua. Nikaona heri nihamishe karakana nyumbani. Kando ya ukuta wangu Bahati kulikuwa na kiploti cha futi hamsini kwa mia cha jirani yangu, mwalimu mstaafu. Nikaenda kwake.

"Laki sita, fundi," akasema.

"Mwalimu, mimi ni mzee wa kuchoma vyuma. Nina laki nne na nusu, na hizo nimezikuna kwenye sufuria."

Akasema atafikiri. Kununua shamba ni hivyo: unavaa koti bovu, unalia, mwenzako analia, mnakutana katikati. Kila mtu anajua mwingine anadanganya na hakuna anayekasirika. Niliporudi baada ya wiki tatu, bei ilikuwa laki saba.

"Inapanda badala ya kushuka?"

"Maisha yamepanda."

Nikaenda mara ya tatu na koti lilelile. Sikufika nusu ya kilio changu.

"Fundi," akasema, na alikuwa anatabasamu, "Jumatano umelipwa dola mia tatu na ishirini. Jumatano iliyotangulia, mia mbili themanini. Na zote hujatoa, zimekaa. Usinililie mimi. Laki nane."

Hizo namba zilikuwa za kweli. Hata mke wangu hakuwa anazijua, maana mimi humwambia jumla tu, na jumla yenyewe naipunguza. Duniani kulikuwa na watu wawili wanaojua nililipwa kiasi gani Jumatano: mimi na aliyeandika invoisi.

Nilitembea kurudi nyumbani nikipanga. Nani analala na nani, nani amesoma na nani. Nikakumbuka mke wa mwalimu humsalimia binti yangu kanisani kwa kumkumbatia. Nikakumbuka binti alikuwa amenunua simu mpya. Ukishaanza kushuku, kila kitu kinakuwa ushahidi. Hata vile alivyokuwa ananiuliza "Baba, kile kiploti umefikia wapi?" ikawa anapeleleza. Nilikaa na hayo siku nne nikiyachochea kama makaa.

Jumapili akaja. Mama yake alikuwa amepika mukimo. Nilimwacha aonje mara mbili, tatu.

"Katika nyumba hii kuna mtu anauza hesabu yangu," nikasema.

Mke wangu akaweka kijiko chini. "Hesabu gani?"

"Mwalimu ananitajia malipo yangu mpaka senti. Watu wanaoyajua ni wawili. Mimi sijasema."

Binti akaniangalia. "Unamaanisha mimi."

"Nimesema wawili."

"Sema, Baba. Usizunguke."

"Basi wewe. Sijui kama ni pesa alikupa au ni mdomo tu unakuwasha. Lakini umenichuuza."

Nilitarajia alie. Alinawa mikono, polepole, akajipangusa kwa leso.

"Yale maneno kumi na mawili," akasema, "nimewahi kuyaona?"

"La."

"Ningekuwa mwizi ningeanza na hayo. Pesa yako yote ingeondoka siku ya kwanza na hakuna askari angeniona." Akachukua begi la kompyuta. "Tafuta mwandishi mwingine. Mama, asante kwa chakula."

Mama yake alimsindikiza hadi barabarani. Aliporudi hakunisemesha mpaka Jumanne. Na Jumanne aliponisemesha ilikuwa kuniuliza chumvi iko wapi, na yeye ndiye huweka chumvi.

Nilijiambia nitafanya mwenyewe. Picha zikaja. Niliandika kwa Kiswahili, zikarudi. Nikabonyeza mahali pa invoisi, ikaniuliza mambo ambayo sikujua ni swali au ni tusi. Wiki ikapita, ya pili ikapita. Nikaenda saiba moja mjini, duka la kompyuta za kukodi. Mwenye saiba alikuwa mtu mzima, miwani, shati safi, sauti ya kanisa. Akashika simu yangu, akaigeuzageuza.

"Mzee, hii ni rahisi. Nipe yale maneno yako ya siri nikuwekee sawa, dakika mbili."

Nilimnyang'anya simu yangu. "Maneno gani?"

"Yale kumi na mawili. Si unayo?"

Nilitoka bila kulipa na yeye hakunidai, jambo ambalo lilinithibitishia. Nikasimama nje kwenye jua, miguu inaniuma. Huyu hakuchukua hata dakika moja kabla ya kunyoosha mkono. Na yule mwingine alikuwa ameangalia kalenda mpaka shingo ikamuuma. Ndipo kwa mara ya kwanza nilihisi kwamba huenda nimegonga mahali si pake. Lakini bado nilijiuliza: kama si yeye, ni nani?

Sikuenda nyumbani. Nilipofika Bahati nilipitiliza moja kwa moja kwa mwalimu. Alikuwa amekaa barazani anasoma simu yake. Tangu astaafu hana kazi nyingine.

"Mwalimu, sijaja kwa habari ya ploti. Niambie tu. Nani alikuambia malipo yangu?"

"Kwani hujui?"

"Ningekuwa najua ningekuuliza?"

Akainuka akaingia ndani. Akatoka na faili, maana mwalimu ni mwalimu, hata risiti ya kiberiti anaifungulia faili. Akanitolea karatasi. Ilikuwa risiti yangu, ya mlango wa nyumba yake ya kuku niliomtengenezea mwaka huohuo. Muhuri wangu ulikuwa juu yake, mweusi, safi, herufi zote zinasomeka.

"Wewe mwenyewe, fundi. Umenipa kwa mkono wako, na sahihi."

"Hiyo ni namba ya kulipwa."

"Ni namba ya kulipwa na ni namba ya kukusoma. Ngoja." Akaipiga picha kwa simu, akagusa mahali, akanigeuzia kioo. "Mimi na kripto tunajuana. Iliniramba pensheni ya miezi mitano, lakini kusoma nilijifunza."

Niliona mistari. Siku, saa, dola. Chini, siku nyingine, dola nyingine. Malipo ya kwanza kabisa, yale niliyonunulia mabomba, yalikuwepo. Siku niliyotoa pesa ya mahari ya kijana wangu ilikuwepo. Kila kitu nilichokuwa nimekificha chini ya koti bovu kilikuwa kimeanikwa kama nguo kwenye ua, na jina la karakana yangu nimelipiga muhuri juu yake mwenyewe.

"Hii inafutwaje?"

"Haifutwi."

"Hata ukimlipa mtu?"

"Utamlipa nani? Hakuna mwenyewe." Akarudisha risiti ndani ya faili. "Na usiniangalie hivyo. Wewe uliniambia una laki nne na nusu."

Nikakaa kwenye ngazi yake. Nilikuwa nimemaliza vitabu viwili vya risiti tangu nichongeshe ule muhuri. Nikaanza kuwahesabu: shemasi, geti. Mwenye bucha, dirisha mbili. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa kanisa, trela. Kisha nikakumbuka kwamba kamati ilikuwa imenipangia mchango mara mbili ya mwaka uliotangulia, na mwenye bucha alikuwa ameacha kuniongezea kipande cha mfupa. Labda walinisoma. Labda bei ya mfupa ilipanda. Sitajua, na mpaka leo shemasi akinitabasamia najiuliza ameona nini.

Kwa mke wangu nilisema ukweli wote jioni hiyo, na ile jumla niliyokuwa naipunguza nikaisema nzima. Hiyo ni kesi nyingine, na nililipia. Alipomaliza kunisema akasema, "Sasa usimpigie simu. Jambo hilo halimalizwi kwa simu. Neno lile ulimtolea mbele yangu, na utalirudisha mdomoni mwako kwa miguu yako."

"Mimi niende kwa mtoto?"

"Wewe uende kwa mtoto."

Sijawahi kumwomba mtu msamaha. Sijivuni kwa hilo wala sijilaumu, ni vile nilivyolelewa. Baba yangu alikufa na makosa yake yote mfukoni. Niliondoka asubuhi na gunia dogo la viazi. Ngazi za nyumba anayokaa ni nyingi, na magoti yangu yalihesabu kila moja. Akafungua.

Nilichosema kwanza ni hiki: "Mlango wako umechomwa na mlevi. Angalia hizi bawaba."

"Karibu, Baba."

Hakuchukua gunia. Nikaliweka mwenyewe kando ya jiko. Chumba kilikuwa kidogo na safi, kitanda, meza, kompyuta, na waya nyingi. Hakuweka maji ya chai motoni. Nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, kwa sababu kiti kilikuwa kimoja na yeye alikuwa amekikalia.

Nikamweleza muhuri. Nilimweleza bila kuruka: mchongaji, risiti, faili la mwalimu, kila kitu. Kati ya maelezo nilimwona anafunga macho.

"Kwenye risiti, Baba? Risiti zote?"

"Uliniambia si siri."

"Nilikuambia haiwezi kuibiwa. Lakini kweli, hilo la kuonekana sikulieleza vizuri. Ningekuambia ukimpa mtu namba hiyo, anaona malipo yote. Hilo ni langu. Lile lingine si langu."

"Lile lingine ni langu."

"Lipi?"

Alitaka nilitaje. Niliangalia bawaba za mlango, zikakataa kunisaidia.

"Nilikuita mchuuzi na hukuchuuza. Nilikosa."

Hakusema amenisamehe. Aligeukia kompyuta akaandika kitu, muda mrefu, vidole vinakimbia. Simu yangu ikalia mfukoni. Akasema niifungue. Ilikuwa invoisi. Ile ile aina tuliyokuwa tunawatumia watu wa ng'ambo, ila mteja alikuwa mimi. Akanisomea: kutafsiri sauti, miezi kumi na moja. Kuandaa na kufuatilia invoisi, miezi kumi na moja. Bei yake ya kawaida, ile anayotoza wageni. Jumla dola mia sita na arobaini.

"Hiyo ni zaidi ya elfu themanini!"

"Ndiyo."

"Kwa babako?"

"Nilipokuwa mtoto wako nilifanya bure. Wewe ukasema mimi ni mwandishi aliyekuchuuza. Mwandishi hulipwa. Kama hukubaliani kuna mahali pa kukataa, hapo chini, kushoto."

Nilipaangalia hapo pa kukataa kwa muda. Sitadanganya. Elfu themanini ni geti zima la milango miwili, na jasho lake. Nilitafuta makosa kwenye hesabu, sikupata. Anahesabu kama mimi. Nikabonyeza upande wa kulia, pa kukubali. Ikaniuliza kama nina hakika, nikabonyeza tena. Kompyuta yake ikatoa mlio mdogo. Akaiangalia, akainuka, akawasha jiko, akaweka maji.

Tukinywa chai alinifungulia waleti nyingine mpya, namba ambayo hakuna mtu ameiona, akanieleza jinsi ya kupokea bila kuanika. Muhuri niliukata mpira wake kwa msumeno siku iliyofuata. Tulikubaliana pia kwamba kuanzia hapo atachukua sehemu yake kwa kila invoisi. Alitaka asilimia ishirini. Nikasema kumi. Akasema ishirini. Nikasema kumi na mbili na mlango nitamchomea upya. Tuliishia kumi na tano na mlango.

Kiploti kilichukuliwa na mtu mwingine. Siku hizi hapo kuna nguruwe, na upepo ukitoka upande huo tunajua. Mimi bado napanda gari kwenda mjini na magoti yangu.

Binti anakuja Jumapili kama zamani, anakula, anacheka na mama yake. Kazi inaendelea. Lakini kuna kitu ameongeza. Kabla ya kutuma invoisi yoyote ananiletea simu kwanza, ananisomea yote, picha ngapi, bei gani, yake ngapi, yangu ngapi, kisha ananifanya niandike kwa kidole changu: nimeona, nimekubali. Mara ya kwanza nilimwambia hakuna haja, namwamini.

"Andika tu, Baba," akasema. "Ili kesho usiseme."

Naandika. Yeye anasubiri amesimama, mkono ameunyoosha kuchukua simu, na haketi mpaka nimemaliza.